Kununua diski zenye ujazo mkubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu diski za kuzunguka, zile za sahani na sumaku, kuanzia TB 4 kwenda juu. Maswali ni yale yanayorudiwa na wapiga picha, mafundi wa CCTV, wanaojenga seva nyumbani, na watu wanaotaka tu mahali pa kuweka picha za familia. Kama uko dukani sasa hivi na muuzaji anakusubiri, soma kwanza swali la 8 na la 14. Mengine utayasoma ukifika nyumbani.

## Ya msingi

1. Kwa nini ninunue diski ya kuzunguka wakati SSD zipo?

Kwa sababu ya bei ya kila TB. Mfumo wa kompyuta, programu na video unayoihariri leo viweke kwenye SSD, maana hapo kasi inahitajika. Lakini ukishavuka TB 8, gharama ya SSD hupanda mara kadhaa kuliko ya diski ya kuzunguka, na faili ulizomaliza kuzifanyia kazi hazihitaji kasi hiyo.

Kuna sababu ya pili isiyotajwa sana. SSD hutunza data kwa chaji ndogo za umeme, na ikikaa kabatini muda mrefu bila kuwashwa chaji hizo zinaweza kupungua hadi data ipotee. Kwa kumbukumbu za kuwekwa na kuachwa, sumaku bado ni chaguo la busara zaidi.

2. Nimenunua diski ya TB 8, Windows inaonyesha 7.27. Nimepunjwa?

Hapana. Mtengenezaji huhesabu TB 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows hugawa baiti hizo kwa 1,024 mara nne, kisha huandika "TB" vilevile. Hivyo 4 huonekana 3.63, na 20 huonekana 18.1. Kompyuta za Mac huhesabu kama mtengenezaji, kwa hiyo diski ileile itasomeka 8. Cha kukutia wasiwasi ni diski kubwa kuonekana TB 2 tu: tazama swali la 18.

3. TB ngapi zinanitosha?

Piga hesabu kwa kazi yako, usikisie. Kamera moja ya CCTV inayorekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde hula takriban GB 43 kwa siku. Kamera nane ni GB 345 kwa siku, na ukitaka kubaki na siku 30 unafika TB 10.4, kwa hiyo nunua TB 12. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa kila saa ya kurekodi.

Ukipata jibu, kumbuka kwamba pesa zako zinapaswa kutosha diski mbili (swali la 21).

## Jinsi data inavyoandikwa

4. Ndani ya diski kuna nini hasa?

Kuna sahani za kioo au alumini zilizopakwa tabaka jembamba sana la sumaku, mota ya kuzizungusha, na mkono wenye vichwa vya kusoma na kuandika. Kichwa hakigusi sahani. Huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Ndiyo maana diski inayozunguka haipaswi kugongwa wala kuhamishwa.

Diski ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya IBM, mwaka 1956, katika mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 za kipenyo cha inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5, takriban sawa na picha moja ya simu ya leo. Tangu hapo kazi ya wahandisi imekuwa moja: kubana alama nyingi zaidi kwenye eneo lilelile. Hatua kubwa ilikuja pale alama za sumaku zilipoacha kulazwa juu ya sahani na kuanza kusimamishwa wima. Profesa Shunichi Iwasaki wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, aliitetea njia hiyo tangu miaka ya 1970, lakini Toshiba ndiyo iliyoileta sokoni, mwaka 2005. Diski zote kubwa za leo zimejengwa juu ya msingi huo.

5. CMR na SMR ni nini?

Ni namna mbili za kupanga mistari ya data kwenye sahani. Katika CMR kila mstari una nafasi yake, na katikati kuna upenyo mdogo. Unaweza kufuta na kuandika upya mstari mmoja bila kuugusa jirani yake.

SMR inatumia ukweli kwamba kichwa cha kuandika huacha mstari mpana, ilhali kichwa cha kusoma kinahitaji sehemu nyembamba tu ya mstari huo. Basi mistari inapandishwa, kila mmoja ukifunika ukingo wa uliotangulia kama vigae vya paa. Mistari mingi zaidi inaingia kwenye sahani ileile, na diski inakuwa nafuu kutengeneza. Gharama yake ni hii: ukitaka kubadilisha mstari wa chini, huna budi kuandika upya yote iliyoufunika, hadi mwisho wa fungu lake.

6. Kwa hiyo SMR ni mbaya?

Inategemea utaifanyia nini. Ukijaza diski mara moja kwa faili kubwa kisha ukabaki kusoma tu, huenda usiione tofauti kabisa. Kwa kumbukumbu za video zilizokamilika inafaa, na ukiipata kwa bei nafuu kwa kazi hiyo, ichukue.

Usiichukue kwa ajili ya RAID (diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja), seva ya mashine pepe, hifadhidata, au folda ambayo faili zake hufutwa na kuandikwa kila siku. Hapo itakutesa. Mimi huwaambia watu hivi: kama hujui utaitumia vipi, nunua CMR.

7. Mbona diski yangu huanza na MB 180 kwa sekunde, kisha inashuka hadi MB 20?

Hiyo ni tabia ya SMR. Diski huwa na eneo dogo la kupokelea, ambalo huandikwa bila kupandishwa mistari. Unachonakili kinaingia hapo kwanza, haraka. Eneo likijaa, diski inalazimika kukihamisha kwenye mafungu yenye mistari iliyopandana huku ikiendelea kukupokea, na kasi inaporomoka. Haijaharibika. Iache imewashwa bila kazi kwa saa kadhaa na itajipanga yenyewe.

Kasi ikishuka hivyo kwenye diski ya CMR, ni jambo jingine: angalia afya yake kama ilivyoelezwa kwenye swali la 14.

8. Nitajuaje kama diski ni SMR (ya mistari iliyopandana, swali la 5) kabla sijalipa?

Usitegemee jina la familia lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye lebo, wala rangi yake. Soma namba kamili ya modeli, kisha itafute kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Seagate, Western Digital na Toshiba wote hutaja aina ya uandishi, ingawa wakati mwingine utaikuta ndani ya jedwali refu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwa nini namba ni muhimu. WD60EFRX na WD60EFAX zote ni TB 6, zote ziliuzwa kama WD Red. Ya kwanza ni CMR, ya pili ni SMR. Herufi moja tu. Kwa Seagate, Barracuda ST4000DM004 na ST8000DM004 ni SMR, ilhali familia ya IronWolf ni CMR.

Kama tayari unayo diski, ichomeke uangalie kama inakubali amri ya TRIM. Amri hiyo ni ya SSD, na diski ya kuzunguka inayoikubali karibu hakika ni SMR. Muuzaji akishindwa kukupa namba ya modeli, mwambie akupigie picha ya lebo. Akikataa, nenda duka la pili.

9. Kisa cha WD Red kilikuwa nini?

Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa imeweka SMR kwenye baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi TB 6 bila kuwaeleza wanunuzi. Hizi zilikuwa diski zilizotangazwa kwa ajili ya seva za NAS (za kuhifadhi faili kwenye mtandao wa nyumbani au ofisini), yaani kwa kazi ileile ambayo SMR haiiwezi. Watu walibadilisha diski moja iliyokufa kwenye RAID, na mpya ikakataa kukamilisha ujenzi. Tovuti ya ServeTheHome ilipima: diski ya SMR ilichukua zaidi ya siku tisa kurejesha data ambayo diski za CMR ziliirejesha chini ya siku moja.

Seagate na Toshiba nazo zilikiri kuwa na diski za SMR zisizotajwa, ingawa si katika familia zao za NAS. Western Digital iligawanya majina: Red ikabaki na SMR, Red Plus na Red Pro zikawa CMR. Nakirudia kisa hiki kwa sababu diski za enzi ile bado zinazunguka sokoni, na mnunuzi asiyekijua atalipa bei ya Red Plus kwa diski ya SMR.

10. "Heliamu" kwenye lebo inamaanisha nini, na je, itavuja?

Msongamano wa heliamu ni takriban moja ya saba ya ule wa hewa, hivyo sahani huzunguka bila kusukwasukwa, mota hula umeme kidogo, na sahani nyingi zaidi huingia kwenye kasha lilelile. HGST, kampuni iliyokuwa chini ya Western Digital, ndiyo iliyoanza kuuza diski hizi mwaka 2013, ya TB 6 ikiwa na sahani saba. Leo diski za ujazo mkubwa kabisa zina sahani kumi au kumi na moja, na zote zina heliamu.

Kasha huchomelewa, si kufungwa kwa skrubu tu, na diski za HGST na Western Digital huripoti kiwango cha gesi katika kipengele cha 22 cha SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea. Kinapaswa kubaki 100. Jambo la kuzingatia ni la upande mwingine: zikifa, si kila fundi wa kuokoa data anaweza kuzifungua.

11. HAMR, MAMR na ePMR ni nini? Nisubiri?

Ili kubana data, punje za sumaku lazima ziwe ndogo. Punje zikiwa ndogo mno, joto la kawaida la chumba linatosha kuzipindua, na data inafutika yenyewe. Dawa ni kutumia madini yenye sumaku sugu, lakini basi kichwa kinakosa nguvu ya kuyaandika. Wahandisi wamekwama kwenye kona hiyo kwa miaka mingi, na kila kampuni imetoka kwa mlango wake.

Seagate imechagua joto. Katika HAMR, kila kichwa kina leza ndogo inayopasha nukta moja ya sahani hadi zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, sumaku inalegea, kichwa kinaandika, nukta inapoa, yote ndani ya nanosekunde chache. Sahani imepakwa aloi ya chuma na platinamu, ambayo ikipoa haibadiliki kirahisi. Utafiti ulichukua zaidi ya miaka ishirini. Mozaic 3+, yenye TB 3 kwa kila sahani, ilitangazwa Januari 2024, na mwaka 2025 diski za TB 30 za Exos M na IronWolf Pro ziliingia madukani kwa wanunuzi wa kawaida.

Toshiba inatumia MAMR, ambapo mawimbi ya mikrowevu husaidia kichwa. Western Digital ilianza na ePMR, mkondo mdogo wa umeme unaotuliza uandishi, na kwa njia hiyo ilifikisha TB 26 za CMR mwaka 2024.

Usisubiri. HAMR inahusu namna ya kuandika nukta, CMR na SMR zinahusu mpangilio wa mistari. Diski ya HAMR inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili. Swali la 8 linabaki palepale.

## Kuchagua

12. Diski ya kompyuta, ya NAS, ya CCTV na ya seva: tofauti ni ya kweli au ni rangi tu?

Ni ya kweli, hasa katika waranti na kiasi cha kazi. Diski ya kompyuta ya kawaida mara nyingi ina waranti ya miaka 2. Za NAS hupewa miaka 3 na kupimwa kwa takriban TB 180 za kusoma na kuandika kwa mwaka. Za seva hupewa miaka 5 na TB 550 kwa mwaka. Za CCTV zimepangwa kuandika mfululizo usiku na mchana.

Diski ya CCTV ikiwekwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila shida. Kinyume chake ndicho kibaya: diski ya kawaida ya SMR ndani ya mashine ya kurekodi kamera nane haitadumu na itaacha mapengo kwenye picha, mara nyingi siku ileile unapozihitaji.

13. Ya nje au ya ndani?

Za nje ndogo, za inchi 2.5, zinaishia TB 5 au 6, na za ujazo huo ni SMR. Nyingi zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi yenyewe, hivyo tundu likivunjika huwezi kuitoa diski na kuichomeka kwingine. Za inchi 3.5 zinahitaji adapta yake ya umeme wa volti 12 lakini ndani mna diski ya kawaida ya SATA. Kwa data ya thamani napendelea hizi.

## Sokoni

14. Diski zilizotumika au "refabu" (zilizokarabatiwa ziuzwe tena) zinafaa?

Zinafaa kama umezikagua mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Nenda na kompyuta. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo, kwenye Linux `smartctl -a`. Katika SMART, yaani rekodi ya afya ya diski, angalia kipengele cha 5, sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa. Cha 197, zinazosubiri. Cha 198, zisizosomeka. Vyote viwe sifuri. Cha 9 ni saa za kuwashwa: mwaka mzima ni saa 8,760, kwa hiyo 35,000 ni miaka minne. Cha 199 kikipanda, mara nyingi tatizo ni kebo.

Takwimu hizi zinaweza kurudishwa sifuri. Mapema mwaka 2025 wanunuzi wa Ulaya waligundua diski za Seagate Exos zilizouzwa kama mpya kumbe zimefanya kazi maelfu ya saa. Nyingi zilihusishwa na mashamba ya Chia, sarafu ya kidijitali inayochimbwa kwa nafasi ya diski. Zilikamatwa kwa rekodi ya pili ya Seagate iitwayo FARM, ambayo waliozichezea hawakuifuta. Toleo la karibuni la smartmontools huisoma kwa `smartctl -l farm`. Saa za FARM zikipishana mno na za kipengele cha 9, rudisha diski.

15. Nimeona diski ya mfukoni ya TB 16 kwa bei ndogo mno. Kuna siri gani?

Ni utapeli. Hakuna diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 yenye TB 16. Ndani ya kasha hilo huwa mna kadi ya kumbukumbu ndogo iliyodanganywa ijitambulishe kama TB 16. Ikijaa, inaandika juu ya data ya zamani bila kukuonya, na majina ya faili yanaendelea kuonekana. Ukiwa na shaka, jaza diski yote kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac.

Kumbuka pia kwamba watengenezaji wa diski za kuzunguka wamebaki watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Jina jingine lolote limebandikwa juu ya diski ya mmoja wao.

16. Waranti ya diski niliyoagiza nje itanifaa?

Ingiza namba ya utambulisho (serial number) ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Zile za OEM, zilizotengenezwa kwa kampuni za kompyuta, hazina waranti ya moja kwa moja kwako. Nyingine hutambuliwa katika eneo zilikouzwa pekee. Na hata waranti halali hukurudishia diski, si data.

## Baada ya kununua

17. Niijaribu vipi kabla ya kuiamini?

Iandike yote, kisha isome yote, halafu rudi kwenye vipengele vya swali la 14. Inachosha: diski ya TB 20 kwa wastani wa MB 200 kwa sekunde huchukua saa 28 kwa mzunguko mmoja. Fanya hivyo hata kama ni mpya, ukiwa bado ndani ya siku za kurudisha dukani.

18. Diski kubwa inaonekana TB 2 tu.

Imefomatiwa kwa jedwali la zamani la MBR, ambalo haliwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Badilisha liwe GPT. Kufanya hivyo kwa njia ya kawaida kunafuta kilichomo. Isipobadilika, shuku adapta ya USB ya zamani.

19. Nimeichomeka ndani ya kompyuta na haizunguki kabisa.

Soma lebo kwanza. Kama ni SAS (aina ya muunganisho wa diski za seva), haiwezi kufanya kazi kwenye tundu la SATA, inahitaji kadi yake. Kama ni SATA ya seva au imetolewa kwenye kasha la nje, huenda pini ya tatu ya umeme inaiamuru ijizime inapopata volti 3.3. Tumia kebo ya umeme isiyo na waya wa volti 3.3.

20. Umeme ukikatika ghafla inaharibika?

Vichwa huegeshwa kwa nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka, hivyo mitambo hunusurika mara nyingi. Kinachoharibika ni faili zilizokuwa zikiandikwa. Pale umeme unapokatika na kurudi mara kwa mara, UPS ndogo iwe kwenye bajeti ya diski yenyewe.

21. Nina RAID. Bado nahitaji nakala?

Ndiyo. RAID inakukinga na kifo cha diski moja. Haikukingi na faili ulilofuta mwenyewe, virusi, radi au mwizi. Ukiwa na pesa za TB 16 moja, nunua TB 8 mbili, na ya pili ikae nyumba nyingine.

22. Nimepata diski ya SMR ya TB 28 au 32, nafuu sana, lakini kompyuta haiwezi kuifomati.

Hiyo ni SMR inayosimamiwa na kompyuta badala ya diski yenyewe. Hutengenezwa kwa vituo vikubwa vya data ambavyo programu zao zinajua kuandika mafungu kwa mpangilio. Windows haiwezi kuitumia kabisa. Linux inaweza, kwa mifumo ya faili michache inayoelewa mafungu hayo, kama vile Btrfs. Kama si mtu wa kazi hiyo, irudishe.

23. Naiuza ya zamani. Kufomati kunatosha?

Kufomati kwa haraka hufuta orodha tu, faili zinabaki. Andika sifuri diski nzima, ukitarajia muda uleule wa swali la 17. Kama ilikuwa imesimbwa kwa BitLocker au LUKS tangu siku ya kwanza, kuharibu ufunguo wake na nakala zote za ufunguo huo kunatosha, na kazi ya saa 28 inakuwa ya dakika.